Taa Zilizomngoja Mgeni Rasmi

Mdogo wangu alipojifungua, wageni walisifu rangi ya mtoto kabla hata ya kuuliza jina lake.

"Jamani, mweupe! Kama kapakwa siagi," alisema jirani wa kwanza kuingia. Wa pili akasema mtoto ana ngozi ya kwenye matangazo ya sabuni. Bibi yake mtoto, yaani mama mkwe wa mdogo wangu, alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, kidevu juu, akipokea sifa kana kwamba mimba aliibeba yeye.

"Hiyo ndiyo rangi ya ukoo wetu," alikuwa akimwambia kila anayeingia. "Baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Ilituruka sisi, imemdondokea huyu."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa mtoto huyo ni mama mkubwa. Nilikuwa nimehamia kwa mdogo wangu kwa muda, nifue na nipike, kwa sababu mumewe ni dereva wa malori na wakati huo alikuwa safarini, mbali. Mdogo wangu ni msusi. Ana vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, na saluni yake haikosi kicheko. Lakini siku zile alikuwa hoi. Alilala ubavu akitabasamu tu kwa kila mgeni, mkono wake mmoja haubanduki kwa mtoto. Huyu alikuwa wa kwanza kumshika mkononi baada ya mimba zilizoharibika, na nyumba nzima haikutaka kusikia neno lolote isipokuwa hongera.

Niliyaona macho ya mtoto wakati namwogesha. Aliyafumbua kidogo maji yalipomgusa kichwani, na pale panapotakiwa pawe peupe palikuwa pa njano, njano kama kiini cha yai. Nikambonyeza ncha ya pua kwa kidole, nikaachia. Palipobonyea pakabaki njano. Nikageuza viganja, nikageuza nyayo. Njano.

"Mtoto huyu ana manjano," nikasema.

"Ni mweupe," bibi akanirekebisha.

"Mama, weupe wa ngozi hauyatii macho njano."

"Huo ualimu peleka darasani, mwanangu. Hapa tunalea."

Asubuhi iliyofuata tulimpeleka kliniki ileile alikozaliwa. Nesi alikuwa nyuma ya dirisha dogo, simu mkononi, akicheka na mtu. Nilimwambia mtoto ana manjano mpaka miguuni. Hakuinua uso.

"Manjano ya kawaida hayo. Karibu kila mtoto anapata. Mwanikeni jua la asubuhi, yataisha yenyewe."

"Basi mtazame kwanza."

"Dada, nimeshakwambia. Mwanikeni. Anayefuata!"

Mwanikeni. Utadhani tumempelekea mahindi mabichi.

Tukamwanika. Mdogo wangu alikaa mlangoni kila asubuhi, mtoto mapajani, miguu midogo imetolewa nje ya nguo, akimgeuza tumbo na mgongo kama alivyoelekezwa. Wageni waliendelea kuja na kuendelea kusifu, na sasa sifa zikaongezeka: mtoto ni mpole, halii, hasumbui, analala kama malaika. Kweli alikuwa halii. Ukimweka titi mdomoni ananyonya kidogo, anaachia, anazama usingizini. Tukimfinya sikio aamke, tukimpuliza usoni, anafumbua jicho moja na kulifumba. Kisha siku moja mchana alilia. Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mimi nimeishi na vilio vya watoto kazini kwangu miaka yote. Kilio kile sikukijua.

"Vaa viatu," nikamwambia mdogo wangu. "Tunakwenda hospitali kubwa."

Bibi akasimama mlangoni. "Huko mtaokota magonjwa msiyokuwa nayo."

"Mama, tuliyo nayo yanatutosha. Tupishe."

Akatupisha, lakini kwa kunung'unika, na huku anamfunga mtoto shali la pili juu ya la kwanza.

Hospitali ilikuwa imependeza kuliko nilivyoizoea. Mawe ya kando ya njia ya magari yalikuwa yanapakwa chokaa, mtu mmoja anapanda maua kwenye makopo, wengine wanafunga vitambaa vya rangi kwenye nguzo za baraza. Mdogo wangu, pamoja na hofu yake, alisema, "Leo wameamkia upande mzuri." Tukapita katikati ya mapambo yale na mtoto wetu amelala kama gunia dogo.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti, bado ana uso wa mwanafunzi, nywele amezibana nyuma kwa haraka. Hakutuuliza maneno mengi. Alimvua mtoto nguo zote karibu na dirisha, akambonyeza paji la uso, kifua, tumbo, goti, wayo, na kila alikobonyeza uso wake ulizidi kukaza.

"Nani aliwaambia jua?"

Tukamwambia.

Akatoa damu kidogo kisiginoni kwa mtoto, akamkabidhi mtu akimbie nayo maabara, kisha akamwelekea mdogo wangu. Alizungumza naye taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia gizani.

"Mama, damu ya mtoto mchanga inavunjika kwa wingi, na inapovunjika inaacha hii njano. Ini la mtu mzima linaisafisha. Ini lake bado geni kazini. Njano ikiwa kidogo inapita, haina neno. Ikizidi, inapanda kwenye ubongo. Ikishafika huko, inayoyaharibu hayatengenezeki. Mtoto anaweza kuishi asisikie, asikae, asiweze kushika kijiko."

Mdogo wangu hakulia. Aliuliza, "Dawa yake?"

"Mwanga. Lakini si wa mlangoni. Taa maalumu za buluu, ziwe karibu naye, ngozi ikiwa wazi, usiku na mchana. Zinaibadilisha ile njano mpaka mwili unaweza kuitoa. Hakuna kisu, hakuna maumivu. Ni tiba rahisi kweli." Akamfunika mtoto shali. "Rahisi ikiwepo."

Hilo neno la mwisho sikulielewa mpaka tulipofika wodini.

Wodi ya watoto wachanga ilikuwa na mashine moja ya taa. Moja. Baadhi ya taa zake zilikuwa zimekufa, nyingine zinapepesa. Chini yake walilazwa watoto watatu, wamebanana ubavu kwa ubavu kama mikate kwenye trei, kila mmoja amefungwa kitambaa machoni, nepi tu mwilini. Pembezoni mwa chumba, kwenye mabenchi na mikeka, mama wengine walikuwa wamepakata watoto wao wa njano, wakingoja zamu. Naam, zamu, kama kisimani.

"Karibu," alisema mwanamke mmoja akisogea ili mdogo wangu apate pa kukaa. "Wewe ni baada yangu. Mimi ni baada ya yule mwenye shuka la kijani."

Mikono yake ilikuwa na mipasuko midogo midogo, na udongo umeingia kwenye mistari ya viganja usitoke tena. Alikuwa mfinyanzi, anatengeneza vyungu na mitungi ya kuuza, na wodini wote walimwita hivyo hivyo: Mfinyanzi. Mwanawe wa kiume alikuwa amefika kabla yetu. Alipata mwanga kidogo, akatolewa ampishe mwingine, akarudishwa, akatolewa tena.

"Anaendeleaje?" nikamuuliza.

"Wanasema tungoje," akajibu. "Mimi nangoja."

Nikasimama ninyooshe mgongo, na ndipo nikaona. Wodi ile ilipakana na chumba kingine, katikati kuna kioo. Chumba cha pili kilikuwa kimepakwa rangi mpya, sakafu inang'aa. Na ndani yake, zimepangwa mstari mmoja, zilikuwa mashine za taa, mpya kabisa, safu nzima, kila moja na kitanda chake kidogo, kila moja imefunikwa nailoni. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Katikati ya mlango, kutoka upande hadi upande, ulikatiza utepe mwekundu wenye fundo kubwa la mapambo kama zawadi ya harusi.

Kwanza nilidhani ni mbovu. Mtu mwenye akili timamu angewaza nini kingine?

"Zile ni mbovu?" nikamuuliza nesi mkuu wa wodi, mama mnene mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama.

Akatazama sakafu. "Ni nzima, Mwalimu. Zilijaribiwa siku zilipoletwa. Zinamngoja mgeni rasmi aje azizindue. Alikuwa aje juma lililopita, akapata safari."

"Na watoto?"

"Ufunguo hauko kwangu. Anao Bwana Katibu wa hospitali."

Nikamgeukia daktari. Binti wa watu alikuwa mwekundu wa macho.

"Nimemwomba," akasema kwa sauti ya chini. "Nimemwomba mpaka akaniambia nikitaja tena nitakuwa nimekosa nidhamu kazini. Mimi hapa bado niko kwenye majaribio."

Majibu ya damu yakaja wakati huohuo. Aliyasoma, akamchukua mtoto wetu mikononi mwa mdogo wangu, akamtoa mmoja wa wale watatu, aliyekuwa na nafuu kidogo, akamlaza wetu mahali pake. Mama wa yule aliyetolewa hakugomba. Alimpokea mwanawe, akamfunika, akatazama pembeni. Nilitamani agombe. Ningejua la kufanya.

Nikaenda ofisini kwa Bwana Katibu.

Sikumkuta ofisini, nikamkuta kwenye ukumbi wa mikutano. Meza ndefu ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe pe, vikombe vimepangwa, maua yako katikati, na yeye, mwanamume nadhifu mwenye kunukia vizuri, alikuwa anainama kuhakikisha pindo la kitambaa linaning'inia sawa pande zote. Alinipokea kwa adabu. Ni watu wenye adabu wanaonitisha siku hizi.

"Karibu, mama yangu. Nakusikiliza."

Nikamweleza. Alitikisa kichwa kwa huruma kila nilipotua.

"Nakuelewa kabisa," akasema.

"Kama unanielewa, nipe ufunguo."

"Mama, mambo haya yana utaratibu. Waliotusaidia wanataka kuziona zikiwa mpya siku ya uzinduzi. Kutapigwa picha. Tukizitumia leo, siku hiyo zitaonekana zimetumika. Itakuwa aibu kwa hospitali."

"Zimeletwa zitumike au ziozeshwe? Maana naona mmezifunika kama bibi harusi."

Akacheka, kidogo, kwa adabu. "Mgeni rasmi atakuja wakati wowote kuanzia sasa. Tuwe na subira. Subira huvuta heri, wewe mwalimu unalijua hilo."

"Na mtoto akiharibika ubongo kabla heri haijavutwa?"

"Tusiombe mabaya, mama." Akainama tena kwenye kitambaa chake.

Nilirudi wodini. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kando ya mashine, kidole chake kimoja kimeshikwa na mtoto, au tuseme amekiweka mkononi mwa mtoto, maana ule mkono ulikuwa haushiki. Nikawasimulia mama wote nilichoambiwa, neno kwa neno, pamoja na habari ya picha. Sikupunguza sauti. Nikifundisha huwa nasikika mpaka darasa la tatu kutoka langu, na siku ile sikuona sababu ya kujizuia.

Hapo mtoto wa Mfinyanzi akajikunja. Mgongo wake ulipinda kwenda nyuma, shingo ikakakamaa, mikono ikanyooka, akawa kama upinde. Mama yake akaganda. Daktari alikuja mbio, akamshika, na nikamsikia akisema, si kwa yeyote, "Hapana, hapana, hapana."

Aliondoka kwenda kutafuta damu, kwa sababu sasa mwanga peke yake haukumtosha yule mtoto. Ilibidi damu yake itolewe kidogo kidogo na kuwekwa nyingine. Alipofika mlangoni akageuka kwetu. Uso wake wa kiuanafunzi ulikuwa umeondoka.

"Mimi sijamkataza mama yeyote kutembea na mtoto wake," akasema. "Mfungeni vizuri, asipigwe na baridi. Kuandaa damu kunachukua muda."

Tukamwelewa.

Waliokuwa na watoto chini ya taa walibaki. Wengine wote tuliinuka, akina mama wa mabenchi na wa mikeka, wengine wakitembea kwa kujivuta, maana mishono ya kujifungua haijapona. Mfinyanzi alitangulia. Hakuna aliyemwambia atangulie. Tulipita barazani chini ya vile vitambaa vya rangi, na wapaka chokaa wakasimamisha brashi zao wakatutazama.

Bwana Katibu alikuwa bado ukumbini. Mfinyanzi hakumsalimia. Alisogeza vikombe kwa kiwiko, akamlaza mwanawe juu ya kitambaa cheupe, akamfunua kifua. Juu ya weupe ule, ile rangi ilipiga kelele. Mwenye shuka la kijani akamlaza wake. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka maua ya katikati yakaondolewa yakawekwa chini ili kupata nafasi.

"Jamani! Mtawaangusha! Hapa si mahali pa watoto!" Bwana Katibu alikuwa anazunguka meza akinyoosha mikono bila kumgusa yeyote.

"Mahali pao umepafunga," nikamjibu. "Tumewaleta kwa mwenye ufunguo."

"Mama, nilikueleza vizuri kabisa..."

"Nilikuelewa kabisa."

Mtoto mmoja akakojoa. Mkojo mweusi kama chai ya rangi ulienea kwenye kitambaa, ukafika mpaka kwenye pindo alilokuwa akilinyoosha. Mama yake hakufuta. Mlangoni watu walikuwa wamejaa: wapaka chokaa, wafagizi, madereva wa magari ya wagonjwa, ndugu waliokuja kutazama wagonjwa wao. Mmoja akainua simu.

"Usipige picha!" Bwana Katibu akafoka. Ilikuwa mara ya kwanza adabu kumtoka.

"Si picha ndiyo uliyokuwa ukiingoja?" akasema dereva mmoja nyuma, na watu wakaguna kwa pamoja, mguno mzito wa watu ambao wangeweza kufanya lolote.

Mfinyanzi alikuwa ameweka kiganja chini ya shingo ya mwanawe, pale ilipokakamaa, kama anavyoshika chungu kibichi kisipoteze umbo.

Bwana Katibu akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Tulivyokuwa tunakimbia barazani alitufuata nyuma akipaza sauti, "Utepe msiukate! Lifungueni fundo taratibu, tutaufunga tena!"

Nesi mkuu ndiye aliyefika mlangoni kwanza, na miguu yake ile. Hakufungua fundo wala hakukata. Aliushika utepe katikati, akauvuta mpaka misumari ikang'oka ukutani na rangi mpya kubanduka, akaukunja na kumrushia kifuani. "Utepe wako huo."

Nailoni zilichanwa. Taa zikawashwa moja baada ya nyingine, na chumba kikajaa ule mwanga wa buluu, mkali, usiopepesa. Kila mtoto alipata kitanda chake. Zilibaki mashine ambazo hazikuwa na mtoto. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote: zilikuwa zinatosha na kusaza.

Mtoto wetu alilazwa pale uchi, kitambaa machoni, mwili wote umekuwa wa buluu kama amezama kwenye wino. Mdogo wangu alimtoa kumnyonyesha kila mara, akamrudisha, akamgeuza, akahesabu nepi kwa furaha kama mtu anayehesabu zawadi. Choo kikawa cheusi na cha kijani, daktari akasema vizuri, ndiyo njano inatoka hiyo. Asubuhi moja aliponyonya alivuta titi kwa nguvu mpaka mdogo wangu akasema "Aa!" kisha akacheka, kisha akalia, akalia kweli, machozi ya siku zote zile yakamwagika pamoja juu ya kichwa cha mtoto. Na mtoto akalia naye, kilio cha kawaida, cha hasira, cha mtu aliyekatizwa chakula. Wodi nzima ilishangilia.

Mtoto wa Mfinyanzi alibadilishwa damu siku ileile. Daktari hakuondoka ubavuni mwake mpaka kazi ikaisha. Aliishi. Njano ilimtoka. Mgongo haukunyooka.

Kisha mgeni rasmi akaja.

Kabla hajafika, Bwana Katibu alipita wodini kuomba watoto watolewe chumba kipya, "kwa muda mfupi tu", warudi kule kwenye mashine ya zamani, ili chumba kionekane safi. Daktari alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hatoki hata mmoja," akasema, na mara hii alisema kwa sauti ya kusikika barazani. Ukafungwa utepe mwingine, mpya. Mgeni rasmi akaukata, akapigiwa makofi, akapiga picha na mashine iliyokuwa karibu na mlango, ambayo chini yake alikuwa amelala mtoto wa mtu. Akashika kipaza sauti.

"Kuanzia leo," akasema, "watoto wetu wataanza kupata tiba hii muhimu."

"Kuanzia leo?" nikauliza kutoka nyuma, kwa sauti ya darasani. "Mheshimiwa, mashine hizi zimekaa hapa zimefungwa zikikungoja wewe, na kuna mtoto amepinda mgongo. Uliza nani alikuwa na ufunguo!"

Watu wakageuka. Mgeni rasmi akapepesa macho, akamwinamia Bwana Katibu. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, kwa hiyo tulimsikia sote.

"Huyu mama anasema nini?"

"Anashukuru, mheshimiwa."

Muziki ukafunguliwa.

Tulirudi nyumbani na mtoto wetu. Masikio yake yalipimwa baadaye, anasikia, na kwa jinsi anavyogeuka mlango ukigonga sina shaka. Bibi yake alimtazama alivyorudi na rangi yake halisi, nyeusi nzuri ya mama yake, akasema, "Nisameheni, wanangu," na akaingia jikoni kupika. Kwa hilo nampa heshima yake. Ni wachache waliolisema neno hilo katika habari hii.

Shemeji yangu aliporudi safari alimbeba mwanawe nyumba nzima, chumba hadi chumba, kama anamwonyesha mali yake. Akanishukuru mpaka nikaona haya. Lakini aliposikia kwamba nataka kwenda na Mfinyanzi kwenye bodi ya hospitali kushitaki, akakunja uso.

"Shemeji, mtoto si mzima? Yameisha. Hasira hasara. Tumshukuru Mungu tusonge mbele."

"Nimeshukuru, na kila siku nashukuru. Lakini yameisha humu ndani, shemeji. Kwa Mfinyanzi hayajaanza hata kuisha."

Mdogo wangu alikuwa anasikiliza, mtoto begani. "Nakuja na nyinyi," akasema.

Tulikwenda mara ya kwanza tukaambiwa mwenyekiti hayupo. Mara ya pili tukaambiwa ilikuwa bahati mbaya. Tukaendelea kwenda. Daktari alikuja kutoa ushahidi, akijua anachokiweka rehani, na nesi mkuu naye akaja, akiwa na viatu alivyovikanyaga visigino. Mwisho bodi ilimwita Bwana Katibu akae mbele yetu, upande wa pili wa meza. Mfinyanzi alikuwa na mwanawe mapajani, amemuegemeza kifuani kwa mkono mmoja kwa sababu shingo haijitegemei. Mtoto alikuwa na macho makubwa, mazuri, meupe.

Bwana Katibu alisafisha koo. "Kwa kweli nasikitika sana kwa yaliyotokea," akasema.

Mfinyanzi, ambaye vikao vyote vile alikuwa akisema ndiyo na hapana tu, akainua uso.

"Hayakutokea," akasema. "Uliyafanya."

Mwenyekiti akatazama kalamu yake.

Uamuzi ulikuja baadaye. Daktari alibakizwa kazini, na kule wodini sasa hakuna chumba chochote chenye kufuli. Bwana Katibu amehamishwa. Nasikia amepelekwa hospitali nyingine, kwa cheo kilekile, na huko nako wameletewa vifaa vipya. Nimeshauliza iko wapi.